Uliza Kwanza, Jemadari

Kila Ijumaa jioni, nyumbani kwa Ingunn kuliliwa taco, chapati ndogo za mahindi zenye nyama na mboga ndani. Torgeir, mumewe, alikaanga nyama. Ylva, binti wa Ingunn, alikata matango na kukwangua jibini. Walifanya kazi huku wakizungumza, na mgeni yeyote angeyashangaa mazungumzo yao.

"Kesho nakuja na askari wangu," alisema Torgeir.

"Njoo. Lango tumelifunga."

"Lango lenyewe bovu."

"Bovu wewe. Tulilitengeneza juzi. Au hukusoma?"

Ingunn alipanga sahani mezani na kutabasamu. Hakuelewa hata nusu ya maneno yao. Lakini alifurahi kuwasikia wakitaniana, maana haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Torgeir alikuwa fundi wa injini za feri katika mji wa Sandnessjøen, kaskazini mwa Norwei. Alipohamia kwa Ingunn, Ylva alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwa muda mrefu baba huyu wa kambo na binti huyu walikuwa wanasalimiana tu. Shule vipi? Nzuri. Leo kuna upepo. Ndiyo. Basi, yameisha. Hawakuchukiana. Walikosa tu la kusema.

Kisha majira ya baridi ya mwaka mmoja, Ylva akamkaribisha kwenye mchezo wake. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa kuandika. Watu kama ishirini, kutoka kila pembe ya Norwei, walitunga pamoja hadithi moja ndefu kuhusu mji wa kubuni uitwao Gråvik. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake. Mmoja anaandika mhusika wake kafanya nini, mwingine anajibu, na hadithi inasonga. Ylva alikuwa Lin, msichana anayefuga njiwa wa kupeleka barua. Torgeir akajitungia Jemadari Skarv, mtu mkali anayetaka kuuteka mji.

Torgeir hakuwahi kujua kwamba anaweza kuandika. Kumbe aliweza. Watu wa kundi walimwogopa Jemadari na kumpenda mwandishi wake. Na nyumbani, yeye na Ylva wakawa na mengi ya kusema. Sasa Ylva alikuwa na miaka kumi na minane, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na bado walikuwa wakicheza.

Jumapili moja mvua ya theluji ilikuwa ikipiga madirisha. Torgeir alikaa na kompyuta yake sebuleni, akaandika kwa saa nzima bila kunyanyuka. Aliandika kwamba Jemadari ameingia mjini na kulichoma moto banda la njiwa. Njiwa wote wameteketea. Kisha amemkamata Lin, amemburuta hadi kwenye ghala la chini ya ardhi, na kumfungia humo gizani. Na hakuishia hapo. Aliandika kwamba Lin alipiga magoti, akalia, akamwomba Jemadari amhurumie.

Alisoma alichoandika, akaridhika. Akakituma.

Wachezaji wawili watatu walimsifu. Ylva hakujibu kitu. Wakati wa chakula alichukua sahani yake, akapanda nayo chumbani.

"Ana nini?" aliuliza Ingunn.

"Mtihani wa hesabu, nadhani," alisema Torgeir.

Kesho yake aliendelea. Aliandika kwamba Lin bado yuko ghalani, hana maji wala taa, na hakuna anayemsikia. Mchana huohuo Ylva aliandika mstari mmoja kwenye kundi: "Lin hayupo tena. Mimi nimetoka." Akajitoa.

Torgeir alipanda ngazi, akagonga mlango wa chumba chake.

"Ylva, mbona hivyo? Tulikuwa tunafika patamu."

"Patamu kwa nani?"

"Jemadari ni adui. Adui anafanya mambo ya adui. Ulitaka akupelekee maua?"

"Umewaua njiwa wangu. Umenifungia. Umeandika nimepiga magoti."

"Si wewe. Ni Lin."

"Na Lin ni wa nani?" Ylva alifungua mlango kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye ninayeandika Lin anafanya nini. Nani alikupa ruhusa?"

"Jamani, ni mchezo tu."

Ylva akaufunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, na hilo lilimchoma Torgeir kuliko kama angeubamiza.

Hapo ndipo alipofanya kosa la pili. Alirudi kwenye kompyuta akiwa bado na hasira, akaandika mbele ya kundi lote: "Wengine bado hawajui kutenganisha mchezo na maisha. Tuwape muda wakue."

Kundi likagawanyika. Wengine walisema Ylva ana haki. Wengine walisema ni mtoto, anadeka. Mmoja aliandika kwamba mhusika wake atamvizia Jemadari na kumkata mkono, ili Torgeir naye aonje. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa akiandika hadithi tena. Ulikuwa ugomvi mtupu.

Rafiki mmoja alimwonyesha Ylva yaliyoandikwa. Ylva alifungasha nguo na vitabu, akapanda basi kwenda kwa bibi yake huko Mosjøen. Alimwambia mama yake kwamba masomo atayafuata kwa mtandao kwa muda, na kwamba hajui atarudi lini.

Ingunn alimsubiri mumewe atoke kazini. Hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Mwanangu amehama nyumba kwa sababu ya njiwa ambao hawapo duniani," alisema. "Naomba unieleze, maana mimi sielewi."

Torgeir alijaribu. Kila alivyoeleza, maneno yake mwenyewe yalizidi kusikika vibaya masikioni mwake.

"Hebu ngoja," alisema Ingunn. "Ulimuuliza kabla ya kuwachoma?"

"Hatuulizani. Tunaandika tu."

"Na alipokaa kimya siku ya kwanza?"

"Nilidhani anatafuta jibu zuri."

Ingunn alimtazama, akaenda kuweka birika la kahawa.

Siku iliyofuata Wenche, msimamizi wa kundi, alimpigia Torgeir simu. Wenche alikuwa mwanamke wa makamo wa huko Trondheim. Ndiye aliyeuanzisha mji wa Gråvik, na alikuwa ameongoza michezo ya namna hii tangu ujana wake. Torgeir aliiegemeza simu kwenye chupa ya maziwa ili waonane. Ingunn alikaa pembeni akifuma soksi.

"Nimeisimamisha hadithi," Wenche alisema. "Hakuna anayeandika kitu mpaka tuelewane. Na sikukupigia kukugombeza, Torgeir. Jemadari wako tunamhitaji."

"Asante. Nilidhani nafukuzwa."

"Kwa hilo la kumsema mwenzako hadharani, karibu nikufukuze. Lakini kosa lingine ni langu pia. Sikuwahi kuwapa watu taratibu zinazoeleweka. Nilidhani kila mtu anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba wahusika wanagombana, wachezaji hawagombani. Jemadari na Lin ni maadui. Wewe na Ylva ni washirika, mnaandika kitu kimoja. Ili maadui wapigane vizuri, washirika lazima waaminiane."

"Lakini hayo si ndiyo niliyomwambia? Mchezo ni mchezo."

"Hapana. Wewe ulimwambia asiumie. Hilo halimo mikononi mwako. Mtu akisoma maneno yanayomhusu mhusika wake, moyo unaosoma ni wake mwenyewe. Yeye ndiye anayejua umemgusa wapi."

Ingunn alisimamisha sindano zake.

"Samahani, mimi si mchezaji," alisema. "Kwa hiyo watu wasiandike mambo mabaya?"

"Waandike, mama. Vita, kifungo, usaliti, vyote. Lakini kuna njia yake." Wenche alijisogeza karibu na kamera. "Kwanza, kila mtu amwandike wake. Torgeir anaweza kuandika: Jemadari anamshika Lin mkono na kujaribu kumvuta. Anaishia hapo. Kama Lin anavutika, au anamng'ata, au anakimbia, hilo ni la Ylva kuandika. Wewe uliandika tendo na jibu lake pia. Ulimnyang'anya kalamu."

"Hilo nimekuelewa," alisema Torgeir polepole.

"Pili, jambo lisilorudi nyuma linaulizwa kwanza. Kifo, kidonda kikubwa, kifungo, kumpotezea mtu anachokipenda. Mnatoka nje ya hadithi, mnaongea faraghani kwa majina yenu halisi. Nataka kufanya hivi, unaonaje? Akikubali, mnaendelea. Akikataa, mnatafuta kingine."

"Akikataa bila sababu?"

"Hana deni la kukupa sababu."

"Hata mimi? Naishi naye nyumba moja."

"Hata wewe. Pengine wewe zaidi."

Torgeir alijikuna ndevu. "Wenche, nisikufiche. Kila kitu kikiwa cha kuombana ruhusa, hadithi itapoa kama uji."

"Wewe ni fundi, siyo? Kabla ya kuwasha injini kubwa, wakati mwenzako yuko upande wa pili, unafanya nini?"

"Namwita. Nauliza kama ametoka."

"Asipojibu?"

"Siwashi."

"Hata kama jana alijibu?"

"Jana ni jana. Leo huenda ana mkono ndani."

Alipomaliza kusema hivyo, alitazama chini.

"Kimya si ndiyo," alisema Wenche. "Na ndiyo ya vita si ndiyo ya moto. Ylva alikubali Jemadari aje mjini. Hakukubali mengine. Na mtu akishakubali, bado anaweza kubadili mawazo katikati. Tutaweka neno moja, breki. Mchezaji yeyote akiliandika, wote wanasimama, hakuna anayeuliza kwa nini."

"Na yule anayetaka kunikata mkono?"

"Nimeshamwambia hapana. Hatulipizani kisasi kupitia wahusika. Ukiwa na jambo na mtu, mwambie mtu. Ikishindikana, njooni kwangu. Lakini msimtume mhusika akapigane vita vyenu."

Simu ilipokatika, Torgeir alibaki amekaa. Kisha alichukua kompyuta, akaandika kwenye kundi kwa jina lake, si la Jemadari. Alisema kwamba aliandika bila kuuliza, kwamba alimsema mwenzake hadharani kwa hasira, na kwamba maneno hayo ameyafuta. Aliomba sehemu ile yote ihesabiwe kuwa haikutokea. Wenche akaiondoa. Banda la njiwa likawa limesimama kama zamani.

Kumwandikia Ylva kulikuwa kugumu zaidi. Alimsomea Ingunn: "Samahani sana kwa nilichoandika, lakini nilidhani tunacheza na..."

"Toa lakini," alisema Ingunn.

"Sasa inakuwa fupi."

"Iwe fupi."

Mwishowe hakuituma. Jumamosi asubuhi aliwasha gari, akaenda Mosjøen mwenyewe, baada ya Ingunn kumpigia Ylva na kumuuliza kama yuko tayari kumwona. Ylva alisema aje, ila asikae sana.

Alimkuta nje, anasafisha theluji mlangoni kwa koleo. Bibi alikuwa jikoni na harufu ya maandazi bapa ya maziwa ilitoka hadi barabarani. Torgeir alichukua koleo la pili. Walisukuma theluji pamoja kwa muda, kila mmoja upande wake.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Niliwachoma njiwa na kumfungia Lin bila kukuuliza. Nikaandika mambo ya Lin ambayo yalikuwa yako kuandika. Halafu nikakusema vibaya mbele ya watu. Nilikosea yote matatu. Sehemu ile imeondolewa, na kundini nimeshasema."

"Niliona. Nilionyeshwa."

"Sisemi haya ili urudi kwenye mchezo. Ungekaa nje moja kwa moja, bado ningekuja kusema."

Ylva alipiga koleo ardhini kutoa theluji iliyoganda. "Hutaniuliza kwa nini lile ghala lilinisumbua?"

Torgeir alitaka kuuliza. Alikuwa ametaka kuuliza njia nzima kutoka Sandnessjøen.

"Nataka kujua," alisema. "Ila siulizi."

"Basi usiulize."

"Sawa."

Alidhani hapo Ylva atatabasamu, au atasema yamekwisha. Hakusema. Alisema atafikiri. Bibi akamwita Torgeir ndani, akampa andazi lenye jibini ya kahawia, naye akalila amesimama, akaaga. Alirudi peke yake, na njiani hakuwasha redio.

Ylva alirudi nyumbani katikati ya wiki iliyofuata, kwa sababu ya mtihani. Mchezoni hakurudi. Torgeir hakumgusia habari hiyo. Aliuliza habari za shule, naye akajibu. Ilikuwa kama miaka ile ya mwanzo, ya upepo na hali ya hewa, na Torgeir aliivumilia.

Huko kundini mambo yalikuwa yamebadilika. Wenche aliomba kila mchezaji aseme mambo anayoyaweza, yale ya kuulizwa kwanza, na yale asiyoyataka kabisa. Watu waliokuwa wamejuana kwa miaka wakagundua kwamba hawakujuana. Mzee mmoja wa Vadsø, ambaye mhusika wake aliua watu kila wiki, alisema hataki kabisa habari za mbwa kuumizwa. Hakuna aliyemcheka. Yule aliyetaka kukata mkono alimwandikia Torgeir faraghani, wakaongea, wakaelewana. Neno breki lilitumika mara chache, na kila lilipotumika hadithi ilisimama, watu wakaenda kunywa kahawa, wakarudi. Haikupoa. Wachezaji walianza kuthubutu zaidi, kwa sababu kila mmoja alijua anaweza kusimama.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka barabarani wakati simu ya Torgeir ilipolia sebuleni. Ulikuwa ujumbe wa Ylva. Yeye mwenyewe alikuwa chumbani, juu ya kichwa chake.

"Lin amerudi Gråvik. Jemadari ana mpango gani naye?"

Torgeir aliandika, akafuta, akaandika tena. "Nilifikiria amfukuze kwenye barafu, barafu ipasuke, aanguke majini. Unaonaje?"

"Majini hapana."

"Sawa. Amfukuze tu?"

"Amkamate."

Torgeir alitazama dari. "Una uhakika?"

"Nina uhakika. Amkamate mbele ya watu wote, sokoni. Amfunge kamba. Ila mchana, na nje, na njiwa wasiguswe. Na Lin halii. Hilo naandika mimi."

"Unaandika wewe."

Kisha ukaja ujumbe mwingine. "Na mimi nina ombi. Lin akitoroka, nataka aizamishe meli ya Jemadari."

Torgeir aliishika simu mkononi kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Meli ile alikuwa ameijenga kwa maneno tangu siku alipojiunga, ubao kwa ubao, na jina la meli lilikuwa jina la mtu. Hakuwahi kumwambia yeyote ni nani. Alishangaa kifua kinavyombana kwa meli ambayo haipo. Kidole chake kilikuwa tayari kuandika sawa, ili asionekane mtoto.

"Meli hapana," aliandika. Akasubiri aulizwe kwa nini. Akaanza hata kutafuta uongo wa kujibu.

"Sawa," Ylva alijibu. "Basi aibe farasi wako na bendera. Farasi vipi?"

"Farasi chukua. Yule simpendi hata kidogo."

Hakuulizwa tena. Torgeir aliegemea kiti, akavuta pumzi ndefu. Ndipo alipoelewa kwa mwili wake, si kwa masikio tu, kile alichokuwa akielezwa tangu mwanzo.

Sehemu ile waliiandika Jumapili, mmoja juu, mwingine chini. Jemadari alimshika Lin mkono sokoni na kujaribu kumfunga. Lin alimtemea mate usoni mbele ya mji mzima. Kundi zima lilifuata, na Wenche alisema Gråvik haijawahi kuona siku ya kutisha na tamu kama ile. Baadaye Ylva alishuka na simu yake, akampa mama yake asome. Ingunn alivaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho, midomo ikicheza.

"Huyu Jemadari ni mtu mbaya sana," alisema.

"Asante," alisema Torgeir.

"Na huyu msichana kapanda farasi bila tandiko, ataanguka."

"Haanguki," alisema Ylva. Alivuta kiti, akakaa karibu na baba yake wa kambo, akafungua kompyuta. "Torgeir, sogea kidogo. Nikuulize kitu kuhusu wiki ijayo."